MGB ya shemeji: injini iliwaka, mlango ukagoma kufunga

Siku ya kwanza nilipolikuta gari lile, shemeji yangu hakutaka nilitazame. Alitaka nilisikilize. Alinivuta hadi kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yake hapa Leicester, akavuta choki, akawasha, na injini iliyokuwa kimya tangu 1996 ikanguruma palepale mbele ya macho yangu. Ilikuwa Desemba 2021, baridi ya kukata masikio, na jamaa alikuwa ametoa machozi.

"Shemeji, gari ni zima hili," akaniambia. "Sikia."

Nikamjibu kwamba nimesikia, azime, tuingie ndani tukae wote wawili. Aliingia upande wa dereva, mimi upande wa abiria. Nikamwambia afunge mlango wake. Akauvuta mara ya kwanza, ukagonga ukingo wa bodi na kurudi. Akauvuta mara ya pili kwa nguvu, ukagonga tena. Wangu nao ulifanya vilevile. Tuliposhuka, milango yote miwili ikafunga bila shida.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoanza. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu nimeona mafundi wetu wengi walio huku Uingereza wakinunua magari haya ya zamani ya michezo, na kosa alilofanya shemeji si la mtu mjinga. Ni kosa la mtu aliyejifunzia magari nyumbani.

Gari lenyewe ni MGB ya wazi ya 1970, gari la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, ile yenye grili nyeusi iliyozama ndani. MGB ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980, na yalitoka magari zaidi ya 500,000 ukijumlisha na yale yenye paa la kudumu. Injini ni ya silinda nne, yenye ujazo wa cc 1798 na kabureta mbili za kampuni ya SU. Hakuna kompyuta wala sensa za kielektroniki. Ukiwa na spana za inchi, taa nzuri na kitabu cha ufundi, hakuna kitu ndani yake kitakachokushinda kukifungua. Na kwa kuwa yalitengenezwa mengi hivyo, spea zake zinapatikana hadi leo, tena kwa bei ambayo mwenye gari la kisasa angeionea wivu. Kuanzia 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza hata kutengeneza bodi nzima mpya. Kwa anayetaka kufufua gari la zamani nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, hakuna chaguo bora kuliko hili, na nilimpongeza shemeji kwa dhati kwa kulichagua.

Alilinunua Oktoba kutoka kwa familia ya mzee mmoja aliyefariki, kwenye banda la shamba huko Rutland. Lilikuwa limefunikwa turubai, tairi zimepasuka, panya wamezaa nyuma ya kiti cha dereva, pale zinapokaa betri. MGB za miaka ile zina betri mbili za volti 6, zimefichwa chini ya kifuniko nyuma ya viti, na asidi ikimwagika mle hula bati la sakafu bila mtu kujua.

Sasa, shemeji yangu alianza na injini, na nataka nimtendee haki, maana kazi ya injini aliifanya vizuri mno. Alitoa plagi zote nne, akamimina kwenye kila silinda kijiko cha dizeli iliyochanganywa na oili, akaiacha wiki nzima. Hakugusa stata. Alishika nati ya puli ya mbele kwa spana ndefu, akaipima kwa mkono, taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi ikazunguka mzunguko mzima. Akabadilisha oili na filta. Akazungusha injini kwa stata bila plagi hadi mshale wa presha ya oili ukapanda, ndipo akarudisha plagi. Tangi alilitoa lote, maana petroli ya miaka 25 si petroli tena, ni kitu cha kahawia chenye harufu ya vanishi. Pampu ya umeme ya SU, ambayo iko nyuma karibu na gurudumu la kulia, aliifungua akasafisha pointi zake hadi ikaanza kugonga ule mlio wake wa tik-tik-tik. Kabureta alizisafisha hadi pistoni ya ndani ukiinyanyua kwa kidole na kuiachia inashuka yenyewe na kugota chini kwa mlio mdogo safi. Ukiusikia mlio huo kwenye SU, ujue sindano iko katikati na haikwaruzi.

Hiyo ilikuwa kazi ya miezi miwili ya jioni baada ya zamu zake za kuendesha basi. Na kwa furaha ya injini kuwaka, akawa ameshaagiza mazulia mapya, ngozi za viti, bampa za kroma na turubai jipya la paa. Maboksi yalikuwa yamejaa hadi dari ya kibanda.

Nikamwomba jeki. MGB ina mahali pake pa kuingizia jeki, katikati ya kizingiti cha chini ya mlango. Nikaweka, nikaanza kupandisha. Gari halikupanda. Jeki ilipanda, ikaingia ndani ya kizingiti kwa mlio kama wa mtu anayekanyaga maganda ya karanga, na kutu ikamwagika sakafuni vipande vipande, vingine vikubwa kama kiganja. Shemeji alinyamaza kimya.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kisa chote.

Shemeji alikulia Voi, na gari alilojifunzia ufundi akiwa kijana ni Land Rover. Mimi pia, Changamwe, nimenyoosha bodi za Land Rover nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Land Rover zile zina chesisi, yaani ngazi nzito ya chuma inayobeba kila kitu. Bodi ni ya alumini, imefungwa juu kwa bolti. Ukitoboka mlango, ukikunjika madigadi, gari linakwenda. Ukitaka unaweza kuondoa bodi nzima na injini, giaboksi na magurudumu yakabaki yamesimama. Kwa mtu aliyelelewa na gari la namna hiyo, swali la kwanza daima ni injini. Injini ikiwaka gari ni zima, mengine ni urembo.

MGA, gari lililotangulia MGB, lilikuwa hivyo pia: chesisi chini, bodi juu. Lakini MGB ilipokuja 1962 waliondoa chesisi. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, mabati yaliyochomelewa pamoja yakawa sanduku moja. Na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kusaidia kushika mbele na nyuma, karibu nguvu zote za katikati zimewekwa sehemu mbili: handaki la shafti linalopita katikati ya sakafu, na vizingiti viwili vya chini ya milango. Vizingiti vikioza, gari huanza kukunjika katikati kama kitabu. Mbele inashikwa na magurudumu ya mbele, nyuma na ya nyuma, na tumbo linashuka. Tumbo likishuka, mwanya wa juu nyuma ya mlango unabana. Watu wawili wakiingia na uzito wao, unabana zaidi, na mlango unagonga. Ndiyo maana sikutaka kusikiliza injini. Nilitaka tukae.

Baadaye tulipima. Gari likiwa tupu, mwanya kati ya mlango wa dereva na madigadi ya nyuma ulikuwa milimita 3 juu na 6 chini. Tukikaa wawili, juu haukuingia hata kipande cha kadi. Mwanya unaotakiwa ni sawa juu hadi chini. Kipimo hicho kingemgharimu shemeji dakika tano kule Rutland kwenye banda, kabla hajatoa pesa.

Tulipotoa madigadi ya mbele, ambayo kwa bahati nzuri yamefungwa kwa bolti, tulikuta chanzo. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna bati la kuzuia matope lenye mpira pembeni. Mpira ule ukichakaa, matope yanapita na kulundikana juu ya kibao kidogo ambapo kizingiti kinaungana na nguzo ya bawaba. Kilo nzima ya udongo ilikuwa imekaa pale miaka yote, ikinyonya unyevu wa kila mvua na chumvi ya kila majira ya baridi, ikiula mshono kutoka ndani. Gari halikuozeshwa na banda la Rutland. Lilioza likiwa bado linaendeshwa, na banda likamalizia.

Halafu tukakuta la kusikitisha zaidi. Ganda la nje la kizingiti tulilokuwa tunaliona, lililokuwa na rangi nzuri na mkunjo uliolala sawa, halikuwa la gari. Kuna fundi, zamani, alichukua ganda jipya jembamba akalichomelea juu ya kizingiti kilichooza, akapaka puti na rangi. Chini yake ganda la asili lilikuwa limebaki kama kitambaa cha shashi. Mimi kazi yangu ni bodi, na naomba niseme wazi: kufunika kutu kwa bati jipya kwenye gari lisilo na chesisi ni kumdanganya mtu kuhusu uhai wake. Mwenye gari alilipa, akaondoka ameridhika, akawapakia watoto wake.

Kizingiti cha MGB si bomba moja. Kina ukuta wa ndani unaouona ukikunja zulia, kina bati la kati linalokigawa na kukipa ugumu, kina mkanda wa chini unaounganisha vyote, na kina ganda la nje. Ganda la nje halianzii wala kuishia mlangoni: mbele linaingia chini ya madigadi ya mbele, nyuma linaingia chini ya madigadi ya nyuma. Anayekuambia anaweza kubadilisha vizingiti bila kutoa madigadi ya mbele na bila kukata sehemu ya chini ya yale ya nyuma, anabadilisha urefu wa mlango tu, na ncha zote mbili, ambazo ndizo huoza kwanza, anaziacha.

Shemeji alitaka tuanze kukata Jumamosi ileile. Nilikataa, na hilo ndilo tuligombania kwa wiki mbili hadi dada yangu akaingilia. Gari lililokunjika ukilikata kisha ukachomelea bati jipya, umelifunga katika ule mkunjo wake milele. Utakuwa na kizingiti kipya na mlango usiofunga.

Kwa hiyo tulilisimamisha kwanza. Betri zikatoka, tangi na mabomba ya petroli yakatoka, viti na kila kinachoshika moto kikatoka. Injini na giaboksi, vilivyotoka pamoja kama vinavyopaswa, vikapunguza uzito wa mbele. Tukaliweka kwenye stendi chini ya mihimili ya magurudumu ya mbele na nyuma, ili likae kama linavyokaa barabarani. Kisha nikatengeneza pau mbili za chuma zenye skrubu ya kurefusha katikati, ncha moja ikafungwa kwenye matundu ya bawaba na nyingine kwenye matundu ya kitasa. Chini ya sakafu, karibu na kizingiti, tukaweka jeki na ubao mpana wa mbao ngumu.

Kazi ya siku ile nzima ilikuwa kuzungusha skrubu robo mzunguko, kupandisha jeki kidogo, kutoa pau, kurudisha mlango, kupima, kutoa mlango, kurudisha pau. Shemeji alikuwa na karatasi ukutani akiandika. Milimita 3 juu. Milimita 3 na nusu. 4. Saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, mwanya ukawa milimita 5 juu, 5 katikati, 5 chini. Akauachia mlango ukajifunga wenyewe kwa ule mlio mzito, *kluk*, akanitazama. Hakusema kitu, lakini kuanzia siku ile hatukugombana tena.

Tulifanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili. Usikate pande zote mbili kwa pamoja hata siku moja, hata ukiwa na pau nzuri namna gani. Tulikata hadi tukafika kwenye bati linalong'aa, si pale ambapo kutu inaonekana imepungua. Mkanda wa chini ulikuja kwanza, ukuta wa ndani ukafuata, kisha bati la kati, na ganda la nje mwisho kabisa baada ya mlango kurudishwa na kupimwa mara nyingine. Kila pahali bati lilipolala juu ya bati tulipaka praima ya zinki. Kiwandani walitumia mashine ya kuchomelea bati nukta kwa nukta. Sisi tulitoboa matundu kwenye bati la juu na kuyajaza kwa weldi, na pale penye mshono mrefu tulichomelea sentimita mbili hapa, tukahamia upande mwingine, tukarudi baada ya bati kupoa. Bati ni la unene wa milimita moja hivi. Ukilichoma mfululizo linajikunja, na kazi yote ya kupima inapotea ndani ya dakika mbili.

Jambo moja dogo ambalo wengi husahau: matundu ya kutolea maji chini ya kizingiti. Usiyazibe kwa weldi wala kwa rangi. Tuliyapitisha waya kila moja tulipomaliza.

Kazi ya bodi ilichukua mwaka na miezi miwili, kwa sababu wote wawili tuna kazi na majirani wana haki ya kulala. Gurinda haikuwashwa baada ya saa kumi na mbili jioni.

Na injini je? Hapa ndipo mpangilio mbaya ulipotulipisha. Injini iliyowaka Desemba 2021 ilikaa pembeni mwa kibanda hadi masika ya 2023. Kabureta zilikuwa zimeachwa na petroli ndani, na ilikuwa petroli ya kawaida ya E10, ambayo ndiyo inayouzwa kwenye pampu za kawaida za Uingereza tangu Septemba 2021. Ina ethanoli hadi asilimia 10. Mipira ya zamani ya petroli ilikuwa imelainika kama ubani wa kutafuna, na vyumba vya kabureta vilikuwa na utando mweupe. Kila kitu shemeji alichokifanya kwa kabureta zile, tulikifanya tena kutoka mwanzo. Mipira mipya inayostahimili ethanoli, na sasa gari linakunywa E5 peke yake, yaani petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5.

Sisemi alikosea kuigusa injini. Kuizungusha kwa mkono ili ujue haijakwama ni sehemu ya ukaguzi, na mimi mwenyewe ningeanza nayo siku ya kwanza. Lakini kukagua ni kitu kimoja na kutengeneza ni kingine. Ukishajua inazunguka, itie oili kwenye silinda, ifunike, uende kwenye vizingiti.

Breki sikumruhusu atumie hata kipande kimoja cha zamani kilichobeba maji ya breki. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewa, na miaka 25 yalikuwa yameyafanya mabomba ya chuma kuoza kutoka ndani. Pistoni za kalipa za mbele ziligandamana kwa kutu. Ila kilichonishtua ni hozi za mpira. Nje zilikuwa nzuri kabisa. Nilipokata moja kwa kisu, ndani ilikuwa imevimba hadi tundu likawa dogo kuliko kichwa cha pini. Hozi ya namna hiyo inapitisha maji unapokanyaga na inakataa kuyarudisha unapoachia, gurudumu linabaki limeshikwa. Tena MGB ya Uingereza ya 1970 ina mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, hakuna nusu inayobaki. Masta silinda, mabomba, hozi, kalipa, silinda za dramu za nyuma: vyote vipya, na pesa zake zilitoka kwenye zile bampa za kroma ambazo shemeji aliziuza.

Kisheria gari hili halihitaji ukaguzi wa kila mwaka. Tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana limesamehewa, na kodi ya barabara ni sufuri ukishaliandikisha kuwa la kihistoria. Shemeji alifurahi aliposikia. Mimi nilimwambia tunalipeleka hata hivyo, maana mtu aliyechomelea kitu hapaswi kuwa ndiye pekee aliyekitazama. Mkaguzi alikaa chini ya gari lile muda mrefu na nyundo yake ndogo, akigonga vizingiti kutoka mbele hadi nyuma. Alipata kasoro moja, taa ya namba ya nyuma.

Gari limekuwa barabarani tangu Agosti 2023. Presha ya oili ikiwa imepata moto barabarani inasimama kati ya psi 50 na 60, ambayo ni nzuri kwa injini ya umri wake ambayo hatukuifungua tumbo. Viti bado ni vile vya zamani vilivyochanika, na bampa ya nyuma ina kovu. Mwezi uliopita alimchukua dada yangu na mama yetu aliyekuja kutembea, kila mmoja kwa zamu yake, hadi Rutland na kurudi. Mama alifungua na kufunga mlango mwenyewe.

Mabano ya springi za nyuma upande wa kulia yana kutu ya juujuu ambayo tumeisugua na kuipaka, na tunayatazama. Kila Oktoba, kabla malori hayajaanza kumwaga chumvi barabarani, tunapitisha bomba jembamba kwenye matundu ya vizingiti na kupuliza nta ndani hadi itoke upande wa pili. Zamu hii ni yangu kushika taa, yeye apulize.